Mgonjwa Asiyeumwa

Reverien Habonimana alirudi kutoka Mwanza siku ya Jumatatu na habari mbili, zote za kweli. Ya kwanza ni kwamba masikio yake ni mazima. Ya pili ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, imepigwa muhuri, nayo ilisema kwamba yeye, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, baba wa mtoto mmoja, mpanga madaraja ya maharage, ana usonji, na kwamba amekuwa nao tangu alipozaliwa.

Kilichompeleka Mwanza ni kazi yenyewe. Ushirika wa Tumaini Jembe, wenye ghala kuu Kibondo na tawi Kasulu, ulinunua mashine ya kupepeta maharage. Mashine ilipowashwa, Reverien alitoka ghalani akaenda kusimama barabarani. Ilipowashwa siku ya pili akaenda kusimama mbali zaidi. Meneja, Mama Immakulata, ni mwanamke mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Akaamua kwamba mashine imemharibu masikio mfanyakazi wake, akamwandikia ruhusa ya kwenda hospitali ya rufaa. Daktari wa masikio alimpima nusu siku, akamwambia, "Yako mazuri kuliko yangu," kisha akampandisha ghorofa ya juu kwa daktari mwingine. Huyo wa juu alikaa naye siku mbili akimuuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, kwa mfano kama utotoni alikuwa na tabia ya kupanga vitu mstari. Reverien alijibu kwamba hata sasa anavipanga, na analipwa.

"Usiseme," alisema mkewe, Claudine, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kibondo hii, mtu akisema kichwa kinamgonga, jioni majirani wanaulizana nani ana turubai kubwa."

"Kazini wataniuliza majibu ya Mwanza."

"Waambie masikio ni mazima. Si kweli?"

"Ni kweli. Lakini ni nusu."

"Baba Aline, nusu ikitosha kukuletea amani, nzima unaitakia nini?"

Ilivyo ni kwamba Claudine hakuwa anasema jambo geni katika ukoo ule. Baba yake Reverien alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana mwenye shati moja, akaishi miongo kadhaa bila uraia, na aliwaachia wanawe urithi wa sentensi moja: karatasi haionyeshwi mpaka iulizwe, na ikiulizwa, uliza kwanza ni ipi. Hata siku aliyopewa cheti cha uraia hakushangilia. Alikikunja mara nne akakiweka chini ya godoro, mtu asije akajua kwamba kumbe siku zote alikuwa hana. Kwa hiyo Reverien alikua akijua kwamba kuna mambo yako mwenyewe, ya kweli kabisa, ambayo ukiyataja ofisini unaanza kuangaliwa upya kuanzia viatuni.

Angefuata ushauri wa mkewe, na hadithi ingeishia hapo, lau si barua aliyoikuta mezani kwake Jumanne asubuhi.

Barua ilikuwa ya malalamiko, ukurasa mmoja na nusu, kutoka kwa Mzee Nkunzimana wa Murungu, mkulima anayeuza maharage yake kwa ushirika tangu ushirika ukiwa kibanda. Mzee aliandika kwamba mpanga madaraja ana dharau. Kwamba hasalimii. Kwamba ukimsalimia anaangalia gunia. Kwamba saa ya chakula hali na wenzake, anajitenga kama aliyezaliwa na mkurugenzi. "Na mwezi wa tano nilipofiwa na mke wangu," mzee alimalizia, "kila mtu alinipa pole, hata walio na kesi nami ya mpaka wa shamba. Yeye hakunipa hata pole ya mdomoni." Pembeni Mama Immakulata alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba shauri litasikilizwa baada ya wiki mbili, na likithibitika, Reverien ataondolewa mezani.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu meza. Ni meza ya mbao, ndefu, iko karibu na mlango wa ghala ambako mwanga ni mzuri. Mkulima anamwaga konzi kadhaa kutoka kila gunia, Reverien anaangalia, anagusa, anatamka daraja. Hakosei. Anaweza kukwambia maharage haya ya njano yamelimwa bondeni au mlimani, na kama yalianikwa juu ya turubai au juu ya udongo. Ndipo mahali pekee duniani ambapo kuangalia kitu badala ya mtu ni kazi na siyo kosa. Akiondolewa pale, Reverien alijua, angebaki na dunia yote iliyobaki, ambayo hajawahi kuielewa vizuri.

Na yaliyoandikwa kwenye barua yalikuwa ya kweli. Salamu za huku kwetu nyanda za juu si neno moja. "Mwakeye" ni kubisha hodi tu. Baada ya hapo unashikana mikono, unapanda mpaka kwenye viwiko, unauliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, na aliyekuuliza unamuuliza tena kana kwamba hajakujibu. Reverien alijifunza majibu yote kama mtoto anavyojifunza katekisimu. Tatizo lilikuwa mpangilio. Wakati anaamua kama waanze watoto au ng'ombe, mkulima alishakasirika na foleni ilishasogea.

Kuhusu pole, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu alikwenda mazikoni. Alisimama nyuma ya migomba akisubiri watu wapungue, na walipopungua mzee alishaingizwa ndani. Alhamisi iliyofuata mzee alikuja ghalani na Reverien akafungua mdomo. Lakini pole ina siku yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha inaanzaje ikichelewa. Akafunga mdomo. Wiki ya pili ilikuwa imechelewa zaidi. Wiki ya tatu ilikuwa aibu.

Alichoweza kukisoma ni maharage. Miaka yote maharage ya Mzee Nkunzimana yalikuja safi, hayana jiwe wala ganda wala punje iliyosinyaa, kwa sababu marehemu ndiye aliyeyachambua. Baada ya mwezi wa tano yalianza kuja na mawe, na maharage ya aina ya jesca yamechanganyika na ya njano. Kwa kanuni hayo ni daraja la tatu. Lakini kanuni inasema pia kwamba maharage yanaweza kuchambuliwa upya kituoni kabla ya kupangwa, na haisemi yachambuliwe na nani. Reverien aliisoma mara mbili kuhakikisha. Basi kila Alhamisi, saa ya chakula, wenzake wakipiga kelele na vijiko kule kantini, yeye alikaa nyuma ya ghala na ungo mapajani akichambua maharage ya mzee, halafu akayapanga daraja la kwanza, ambalo kwa wakati huo yalikuwa yamestahili. Hakumwambia mtu. Si kwamba alificha, hakuna aliyeuliza. Mzee, kwa upande wake, alikuwa akijisifu Murungu nzima kwamba mkono wake umekuwa kama wa marehemu.

Kwa siku mbili Reverien aliigeuza bahasha ile kichwani. Akinyamaza, shauri litasikilizwa na yeye hatakuwa na la kujitetea, maana dharau ndiyo jina pekee ambalo watu walikuwa nalo kwa jambo lile. Akisema, huenda wakaelewa, na huenda wakamwangalia upya kuanzia viatuni. Kulikuwa pia na hoja ya kazi yake. Gunia lenye mchanganyiko huandikwa mchanganyiko. Mnunuzi anaweza kulikataa, hiyo ni haki yake, lakini kuliacha bila maandishi ni wizi. Reverien hakujua jinsi ya kulikwepa hilo, hata gunia likiwa ni yeye.

Alhamisi asubuhi Mama Immakulata alimwita ofisini. Simu ilikuwa sikioni, nyingine mezani inalia.

"Kaka Reverien, vipi majibu ya Mwanza?"

Akamkumbuka baba yake.

"Yapi?"

"Kwani yako mangapi?"

"Mawili."

Mama Immakulata akakata simu. Hapo Reverien bado angeweza kusema masikio ni mazima, akashukuru, akatoka. Mguu wake mmoja ulishageukia mlango. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na idadi alishaitaja. Akaitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani, akainyoosha pembe.

Meneja akasoma. Akarudia kusoma.

"Usonji. Huu si ule wa watoto?"

"Daktari anasema watoto hukua."

"Pole sana, kaka yangu. Umekuanza lini?"

"Kuzaliwa."

"Na umevumilia miaka yote hiyo!" Macho ya Mama Immakulata yakajaa machozi, machozi halali kabisa, na Reverien akaangalia kalenda ya ukutani mpaka yakauke. "Nani mwingine anajua?"

"Claudine."

"Basi iwe siri yetu watatu."

Siri ilidumu mpaka saa nne, saa ya chai. Na haikutoka kwa umbea, tusimsingizie mtu. Ilitoka kwa katiba. Ushirika una Kamati ya Misiba na Furaha, na kamati ina katiba, na katiba iliandikwa na Reverien mwenyewe miaka minne iliyopita, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na uvumilivu. Kabla ya hapo kulikuwa na manung'uniko: fulani akiugua anatembelewa, fulani akiugua anatumiwa salamu. Reverien aliziba mianya yote. Kifungu cha tisa kinasema mfanyakazi yeyote anayerudi na cheti cha hospitali ya rufaa atatembelewa nyumbani na watumishi wote wa matawi yote mawili, ndani ya siku saba, na ziara haitapungua saa mbili. Meneja akiona cheti, hana budi kumtaarifu mwenyekiti wa kamati. Hakuna kifungu kuhusu mgonjwa asiyetaka.

Mwenyekiti ni Mwamvua wa stoo ya mbegu, mama wa makamo ambaye bibi yake alitoka Ujiji na ambaye misemo haimwishii. Reverien alimfuata akaomba asamehewe ziara.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Mwamvua. "Umefanya vyema kusema. Na kifungu ni chako, hata koma ni zako."

"Ningeweza kupendekeza marekebisho."

"Marekebisho ni mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni Desemba. Jumamosi tunakuja."

Walikuja thelathini na mmoja. Wa Kasulu walifika na lori la ushirika, wameketi juu ya magunia matupu, wakiongozwa na Hilali, mkuu wa tawi lao. Walikuja na sukari, sabuni za mche, mchele, kreti la soda na kuku mmoja mwenye hasira. Claudine alikuwa ameazima mabenchi kanisani. Kila aliyeingia alimsalimia mgonjwa kwa mikono miwili mpaka kwenye viwiko, akauliza nyumba, watoto na usingizi, na kwa kuwa ni mgonjwa walimshika muda mrefu zaidi ya kawaida. Reverien alipokea salamu thelathini na moja mfululizo. Alipofika ya ishirini alikuwa hasikii tena maneno, anaona midomo tu. Claudine, ambaye uso wake wote ulikuwa unasema nilikuambia, akampa sinia la vikombe alishike ili mikono iwe na kazi. Ndiyo maana alimwoa.

Hotuba zikaanza. Hilali alisimulia habari za mjomba wake wa Kasulu ambaye naye alikuwa hazungumzi na watu, ingawa ilikuja kujulikana kuwa ni kwa sababu ya shamba. Lukmani, mtunza ghala, alisema kwa furaha kubwa, "Kumbe! Mimi miaka yote nilijua ni ulokole." Mama mmoja wa kantini aliuliza kama mgonjwa anaruhusiwa maharage. Wote walikuwa wanamaanisha wema. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemwangalia vibaya, na Reverien, aliyejiandaa kwa kuchekwa, hakuwa amejiandaa kabisa kwa hili.

Kisha akasimama Mama Immakulata. Alisema uongozi umekaa, umeguswa, umeamua. Kuanzia Jumatatu ndugu yetu hatapata tena taabu ya meza. Atahamia chumba cha kumbukumbu, Kasulu. Ni chumba kimya, kina dirisha moja, hakiingiwi na mkulima, hakifikiwi na mashine, na mshahara ni uleule. Atapumzika. Watu wakapiga makofi, wengine wakasema amina.

Kabla makofi hayajaisha, mzee mmoja alisimama kutoka benchi la nyuma. Reverien hakuwa amemwona. Mzee Nkunzimana alikuwa amepanda pikipiki kutoka Murungu, koti la suti juu ya sweta, kofia mkononi.

"Mimi ni mtu wa maneno machache," alisema, na safari hii ikawa kweli. "Mgonjwa hawekewi kinyongo. Nilimshtaki mtu mzima, kumbe ni mgonjwa. Mimi nafuta barua. Mungu amponye."

Amina ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Claudine akaukanyaga mguu wa mumewe kwa upole, maana yake sema asante. Na kweli, jambo lote lilikuwa limeisha. Shauri limefutwa, mshahara upo, na hakuna mkulima ambaye angemtaka salamu maisha yake yote. Kilichohitajika ni yeye kukaa kimya, jambo ambalo kila mtu barazani alikubali kwamba analiweza.

Reverien alisimama na sinia lake.

"Siumwi," alisema.

"Kaa, kaka, usijichoshe," alisema Mama Immakulata.

"Sijachoka. Siumwi. Mama Meneja, siku uliponipa meza nilikuwa hivihivi. Cheti hakisemi nimeanza kitu, kinasema nilivyo." Aliyasema yote akiliangalia sinia. "Ninachoomba ni mashine iwashwe nikiwa nje, au nipewe vya kuziba masikio. Basi. Kasulu sitaki."

Kuku tu ndiye aliyejibu.

"Na Mzee Nkunzimana, barua yako usiifute. Ni ya kweli. Pole sikukupa. Siyo kwa kuumwa, na siyo kwa dharau. Sikujua naanzia wapi, halafu nikachelewa, halafu nikaona haya kwa kuchelewa. Lakini nilipaswa kukupa. Ukinisamehe kwa sababu ya ugonjwa, unasamehe mtu ambaye hayupo."

"Sasa wewe unataka kushtakiwa?" aliuliza Hilali, ambaye alitoka Kasulu kwa ajili ya jambo jingine kabisa.

"Nataka iandikwe sawa."

Mzee Nkunzimana alikuwa bado amesimama. Uso wake ulibadilika polepole, na haukuwa uso wa huruma tena.

"Yewe," alisema. "Kwa hiyo ulikuwa na akili zako timamu."

"Ndiyo, Mzee."

"Miezi mitatu unaniangalia napita na msiba wangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nina hasira na wewe."

"Ndiyo."

Hapo Lukmani, ambaye hajawahi kuona ukimya akauacha salama, aliruka. "Lakini Mzee, mbona huyu ndiye anayekuchambulia maharage! Kila Alhamisi, nyuma ya ghala. Mimi namwona na ungo. Nilijua umemwomba."

"Maharage yangu ni safi," alisema mzee. "Nachambua mwenyewe."

Akamgeukia Reverien. Watu wote wakamgeukia Reverien. Claudine alifumba macho, kwa sababu alimjua mumewe, na alijua kwamba swali limeshaulizwa.

"Yana mawe," alisema Reverien. "Tangu mwezi wa tano."

Mzee Nkunzimana akakaa. Aliiweka kofia gotini, akainyoosha ukingo, akaivaa, akaivua. Mtu mmoja alifungua soda na akajuta. Niseme wazi kwamba hakuna aliyekuwa barazani siku ile ambaye hakuumia, na Reverien aliumia kuliko wote, kwa sababu alimwona mzee akimpoteza mkewe mara ya pili, na aliyemfanya ampoteze alikuwa yeye.

Mwamvua alisimama. Alikuwa amehesabu vichwa.

"Akidi imetimia," alisema. "Barua haijafutwa, mlalamikaji yupo, mlalamikiwa amekiri. Tusisubiri wiki mbili. Mzee, unataka nini?"

Mzee aliivaa kofia.

"Aje kwangu kesho. Peke yake. Akae matangani kama watu wanavyokaa. Nikiridhika, muacheni na meza yake. Nisiporidhika, mpelekeni huko Kasulu kwenye dirisha lake."

Ikaandikwa. Ziara ilikuwa imefikisha saa mbili na dakika kumi, watu wakaaga, kila mmoja kwa mikono miwili.

Usiku ule Claudine alimfundisha. Unaingia, unavua kofia. Unasema pole kwa msiba mzito, Mzee, kazi ya Mungu haina makosa. Unakaa. Akisema, unaitikia. Asiposema, unakaa tu. Usiseme habari za mawe. Reverien aliyaandika kwenye karatasi, akayakariri pikipikini mpaka Murungu, na dereva akadhani anasali.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mbele yake uwanja uliofagiwa ovyo, kwa mkono usiozoea. Mzee alikuwa kwenye kigoda barazani. Kigoda kingine kilikuwa kitupu.

"Pole kwa msiba mzito, Mzee. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Asante. Kaa."

Akakaa. Maneno yaliyofundishwa yalikuwa yameisha, na ilikuwa saa nane na dakika tano. Walikaa. Mwanamke mmoja alipita njiani na kuni, akasalimia, mzee akaitikia. Saa nane na nusu walikuwa bado wamekaa. Reverien alijua kwamba meza inakwenda. Mtu mwingine angekuwa ameshasema jambo, la mvua au la bei, na jambo hilo lingezaa jingine, na mzee angeridhika. Alitafuta kichwani kote asipate kitu.

Mzee akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na ungo uliojaa maharage. Akauweka mapajani mwa mgeni wake.

"Nionyeshe."

Reverien akapitisha vidole. Akatoa jiwe moja, akaliweka sakafuni. Akatoa la pili. Yalipofika kumi na moja mzee aliinama akayatazama kwa karibu.

"Mama we! Haya siyaoni. Rangi ni ileile."

"Hayaonekani, Mzee. Hata mimi siyaoni. Ni vidole. Jiwe lina baridi kidogo."

"Ego, ndivyo," alisema mzee. "Ndiyo maana marehemu alikuwa haangalii. Mimi naangalia mpaka machozi yanatoka, napata nini? Yeye alikuwa anakaa hapo ulipokaa, anaangalia njia, anaangalia watu, anaimba. Mikono inafanya kazi yenyewe."

Reverien alitoa jiwe la kumi na mbili.

"Alikuwa anaimba nini?"

Halikuwa kwenye karatasi ya Claudine. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Mzee Nkunzimana alifungua mdomo akaufunga.

"Miezi mitatu," alisema. "Wamekuja padri, katekista, mwenyekiti wa kijiji, wakwe, watu wa kesi ya shamba. Wote wameniambia Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Hakuna aliyeniuliza hilo."

Halafu akaimba. Sauti ilikuwa mbovu, ya mzee aliyelima maisha yake yote, na wimbo ulikuwa wa Kirundi, wa watoto, habari za ndama aliyekataa kuvuka mto. Alikosea ubeti wa pili akaurudia. Katikati alilia, akaendelea kuimba hukohuko kwenye kilio, kamasi na yote, jambo ambalo mwanamume wa rika lake halifanyi mbele ya mtu. Lakini hakukuwa na mtu aliyekuwa anamwangalia. Reverien alikuwa ameinamia ungo, vidole vinatembea, macho hayajainuka hata mara moja tangu wimbo uanze.

Ndama alipovuka, mzee alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Walikaa tena, na safari hii hakuna aliyeangalia saa.

"Alhamisi naleta magunia mawili," alisema mzee. "Nikukute mezani."